Waya Mweupe Uliopita Juu ya Mlango

Jumamosi, tarehe tano mwezi wa tisa. Asubuhi jua liliwaka vizuri mpaka nikaanika mahindi uani. Saa nane wingu likatokea upande wa msitu, mvua ya mawe ikashuka, na nusu ya mahindi ikalowa kabla sijayafikia. Sasa mawe yameisha, inanyesha ile mvua ya polepole. Nimekaa dirishani hapa Shianda na kalamu mkononi, moyo hautulii.

Makokha mwanangu, nakuandikia wewe, mimi Kukhu, nyanya yako. Najua wewe ni mjukuu, lakini nimekulea, kwa hiyo nikikuita mwanangu usinisahihishe. Sikusoma sana, na mambo ya stima sikufundishwa na mtu. Nitakayoandika hapa mengine huenda nimeyashika upande usiofaa. Ila hili la leo nikikaa nalo kimya sitalala.

Ulinipigia simu mvua ikianza.

"Mulembe, Kukhu. Picha zimefika?"

"Mulembe muno. Zimefika. Naona nyaya tatu zimekunjwa kama nyoka waliolala."

Ukacheka. Ukaniambia ule wa kwanza una ganda la kijivu, wa pili jeupe, wa tatu jeusi, na kwamba unataka kuchagua mmoja wa kutoa stima kwa nyumba ya baba yako na kuileta kwako, hapo Mayoni, kwa sababu huu mliouweka sasa ni wa muda tu. Mwenye duka anasema zote ni sawa, uchukue yoyote. Fundi anasema lazima jeusi. Tena ndani ya ganda moja umekuta nyaya nyekundu na nyeusi, ndani ya lingine kahawia na buluu. "Nimechanganyikiwa kabisa," ukasema. "Baba akaniambia nikuulize wewe. Eti kuna kitu unajua juu ya waya mweupe."

Nilikuwa natafuta pa kuanzia. Hapo nikasikia sauti ya mke wako Nafula kwa mbali, nafikiri alikuwa anaosha vyombo: "Mwambie Kukhu pia mfereji unanipiganga!"

Ukacheka tena. "Huyu naye. Ati akifungua mfereji wa maji jikoni unampiga mvua ikinyesha. Nimeushika mimi hata sasa, sikusikia kitu. Labda ni hiyo mimba."

"Umevaa nini miguuni?"

"Gambuti za mpira. Kwani?"

"Makokha, zima swichi kuu. Sasa hivi, kabla hujafanya kitu kingine."

"Ah, Kukhu, na vifaranga? Nikizima balbu kwa hii baridi vitakufa vyote."

Nikasema zima. Sijui kama ulisikia, kwa sababu simu ilikatika hapo hapo. Nimepiga tena na tena, yule mwanamke wa simu ananiambia hupatikani. Nimepiga kwa baba yako, naye vilevile. Nimeandika ujumbe kwa herufi kubwa, sijui kama umefika. Jirani yetu mwenye pikipiki nimemwamsha kwa usingizi wake, nikamwomba akufikie na neno moja tu: zima. Ameondoka amejifunika nailoni. Barabara ni tope tupu. Kwa hiyo nangoja. Na wakati nangoja, wacha nikueleze kwa nini sikucheka pamoja na wewe.

Iko siku moja ya ujana wangu ambayo hainitoki. Nilikuwa nimeolewa hapa muda si mrefu, na mgongoni nilikuwa na mtoto mchanga, ndiye baba yako. Kuka wako, yaani babu yako, alikuwa anafanya kazi mbali, akirudi mwisho wa mwezi. Tuliishi katika simba yake, ile nyumba ndogo ya udongo na mabati ambayo kijana hujengewa katika boma la baba yake. Nyumba kubwa ya wakwe zangu ilikuwa ng'ambo ya ua. Miwa ilikuwa na bei siku hizo, na baba mkwe wangu alikuwa ameingiza stima nyumba kubwa. Watu walikuja jioni kuangalia balbu tu, wakaaga, wakaenda.

Baadaye akasema na simba nayo ipate taa, mke wa mtoto wake asinyonyeshe gizani. Akamwita Fundi Barasa, aliyekuwa ameweka stima ile nyumba kubwa.

Hapa lazima nikukumbushe kitu ambacho nyinyi wa sasa mmekilegeza. Baba mkwe haingii nyumba ya mke wa mtoto wake. Hagusi mlango wake. Haongei naye uso kwa uso kama watu wa rika. Ilikuwa heshima, na siisemi vibaya, iliniwekea amani nyingi. Mzee akitaka kuniambia kitu, alisimama uani, ananipa mgongo, anaongea na kuku. "Wewe kuku, mwenye nyumba hii ameambiwa kuna mazishi kwa jirani?" Na mimi ndani namjibu mtoto: "Mtoto wangu, tumesikia, tutaenda." Tukacheka kila mtu upande wake.

Basi Barasa akaja na waya wenye ganda jeusi. Akaeleza, na mimi nilimsikia nikiwa ndani, kwamba waya wa kukaa juani unatakiwa uwe na ganda jeusi, kwa sababu jua linakula ganda jeupe, linakauka na kupasuka. Akaanza kuupima kutoka nyumba kubwa, upite hewani, ukanyage kile kibati kidogo kilichopigiliwa juu ya fremu ya mlango wangu kuzuia mvua, halafu uingie ndani.

Mama mkwe akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Barasa, hicho ni nini?"

"Ni waya, mama."

"Mbona ni mweusi? Cheusi hakipiti juu ya mlango wa mtoto wangu. Kuna mtoto mchanga hapo ndani."

"Mama, hii si nguo, ni waya."

"Mimi naona ni cheusi, na naona ni juu ya mlango."

Mama mkwe wangu aliabudu katika kanisa la kanzu nyeupe, na wengine walisema ndiyo sababu. Alivaa nyeupe, akatandika nyeupe, hata kikapu chake alikishonea kitambaa cheupe. Barasa akajaribu kumweleza habari ya jua. Yeye akajibu habari ya mlango. Barasa akarudi kwa jua. Sauti zikapanda. Baba mkwe, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake barazani, akasema kwa uchovu, "Barasa, mpe hiyo nyeupe anayotaka, tupumzike."

Barasa alikuwa na kipande cheupe kilichobaki kazi ya nyumba kubwa. Au labda kilikuwa cha kijivu kilichopauka, siwezi kuapa, lakini machoni mwangu kilikuwa cheupe. Kipande hicho kilitosha njia ya mkato tu. Kuzungusha nyuma ya nyumba kisingefika. Akakipitisha palepale, juu ya kibati, juu ya mlango. Mama mkwe akaangalia, akafungua mdomo, akaufunga, akarudi jikoni. Taa ikawaka. Nikalia kwa furaha, kusema kweli.

Misimu ikapita, labda miwili. Mtoto alikuwa ameanza kusimama akishika vitu. Na mlango wangu ukaanza kuuma.

Sijui niuelezeje. Mlango ulikuwa wa chuma. Siku za mvua, nikitoka bila viatu na kushika komeo, nasikia kitu kinatembea mkononi, kama sisimizi wengi wanakimbilia kiwiko. Kesho yake jua likiwaka nashika, hakuna. Wiki nzima hakuna. Nikasema ni uchovu. Nikasema ni ile damu ya uzazi haijarudi. Mvua ikija, sisimizi hao. Nikaanza kujiogopa mimi mwenyewe, si mlango.

Nikamwambia mama mkwe. "Mama, mlango unaniumanga."

"Unakuuma na meno yapi?"

"Sijui, mama. Unauma tu, siku zingine."

Hakunidharau, nataka uelewe hivyo. Aliacha kazi yake, akavuka ua na viatu vyake vya plastiki, jua likiwaka, akaweka kiganja kizima kwenye chuma. Akangoja. Akaweka na kile kingine. "Binti yangu, mimi sisikii kitu." Akanishika paji la uso kuona kama nina homa. Kisha akaniombea, mkono mmoja juu ya kichwa changu, mwingine kwenye mlango. Jioni akaniletea uji wa wimbi akasema ninywe nipate nguvu.

Alikuwa amejaribu kwa moyo safi, na alisema kweli, hakusikia kitu. Kwa hiyo nikaamini mkono wake nikauacha wangu. Mpaka leo sijui kama ningeweza kufanya vingine. Ningemwambia nini? Kwamba hajui kushika mlango?

Sasa hiyo siku. Ilikuwa mchana kama leo, mvua imetoka kwa ghafla. Mama mkwe alikuwa na mbuzi wake mmoja, jike la madoa, aliyempenda kama mtu. Mvua iliponyesha, mtu alimfunga haraka kwenye komeo la mlango wangu ili ajikinge chini ya kile kibati. Alimfunga kwa mnyororo, si kamba. Ni nani aliyemfunga, hatukuwahi kuulizana, na sasa sioni faida.

Nilikuwa ndani nakunja nepi. Nikasikia mbuzi analia mlio ambao sijausikia tena maishani. Si mlio wa njaa wala wa kuchinjwa. Halafu kishindo, kitu kinapiga mlango kutoka nje. Mtoto alikuwa ameshatambaa kuelekea huko, ananyoosha mkono ajishikilie mlango ili asimame, kama alivyozoea. Mimi nikainuka nifungue nione mbuzi ana nini.

"Nabwire! Usiguse mlango! Mshike mtoto!"

Hilo ndilo jina langu la nyumbani. Sauti ilikuwa ya baba mkwe, ambaye hakuwahi kulitamka. Tangu niolewe, hata siku moja. Nilisimama kama nimemwagiwa maji. Nikwambie ukweli wa ajabu: nilishikwa na aibu kabla ya hofu. Niliwaza, nimemkosea nini mzee mpaka aniite jina? Lakini miguu yangu ilitii hata kama kichwa kilikuwa kimepotea. Nikamvuta mtoto kwa mguu, akalia, nikakaa naye katikati ya kitanda. Nje nikasikia mzee anakimbia, mtu ambaye hakuwahi kukimbia, na taa ikazimika: alikuwa amezima swichi kuu.

Zamani aliona ng'ombe wa mtu akifa karibu na waya ulioanguka, huko Matungu. Alipomwona mbuzi anaruka amekauka miguu yote minne, alijua. Asingekuwa barazani wakati huo, mwanangu, sijui mstari huu angekuwa anauandika nani, na kumwandikia nani.

Mbuzi alikufa. Hatukumla, kwa sababu hakuna aliyemchinja. Walimchimbia shimo nyuma ya zizi, na majirani wakapita wakiuliza kama na ugali wa matanga utapikwa. Mama mkwe alikaa chini karibu na lile shimo na kanzu yake nyeupe, kwenye tope, akasema jambo moja tu, na alilisema kama anaongea peke yake: "Huyu angekuwa mtoto."

Asubuhi yake Barasa akaitwa. Akapanda ngazi, swichi kuu ikiwa imezimwa, akaushusha waya. Tuliona sote. Ganda jeupe lilikuwa limepasuka urefu wote kama kisigino cha kiangazi. Na pale lilipokanyaga ukingo wa kibati, upepo ulikuwa umelisugua na kusugua mpaka chuma kikafika kwenye shaba. Kibati kimepigiliwa kwenye fremu, fremu imeshika mlango. Mvua ikinyesha, ardhi ikilowa, mlango mzima unakuwa waya. Tena ule mwembamba wa kijani, wa kupeleka stima ardhini, ulikuwa umekunjwa tu ndani, haukufungwa popote. Barasa hakujificha. Alisema siku hizo wengi hawakuufunga, na yeye pia. Ni kweli, wengi hawakuufunga.

"Nilisema nyeusi," akasema Barasa. Hakusema kwa kujigamba.

"Na mimi nilisema si juu ya mlango," akasema mama mkwe.

Hapo baba mkwe akasimama. Tulikuwa uani, wao watatu mbele, mimi nyuma karibu na ukuta, nimemfunika mtoto. Alinipa mgongo, heshima ikawa imerudi mahali pake. Akasema maneno ambayo nimejaribu kuyashika kama yalivyo, ingawa kwa lugha yetu yalikuwa matamu zaidi.

"Mlibishana rangi kama watu wanaonunua leso. Barasa, huyu mama alikuambia vitu viwili. Alikataa nyeusi, akakataa juu ya mlango. Ukamwondolea kile kilichokuwa rahisi kwako, ukamwachia kile kingine. Na wewe mama wa watoto, huyu alikuambia jua linakula waya, hukumuuliza basi tufanyeje. Na mimi niliyekaa kwenye kiti nilifurahi tu kwamba kelele imeisha. Hakuna aliyeuliza mwenzake kwa nini."

Kisha akamgeukia mkewe, sauti imeshuka. "Kwa nini juu ya mlango?"

Mama mkwe akasema kwamba alipokuwa msichana kwao, mdogo wake wa mwisho alikufa angali ananyonya. Mtu akafunga kitambaa cheusi juu ya mlango ili wapita njia wajue. Kitambaa kikaachwa. Mama yake akawa anapita chini yake akienda kisimani, anarudi, anapita chini yake, mpaka mvua ikakiozesha. "Ndiyo hiyo tu," akasema. "Haikuwa kanisa. Mlisema kanisa, nikanyamaza."

Barasa akavua kofia. "Mama, ungeniambia hivyo ningeenda kutafuta waya mrefu."

"Ungeuliza hivyo ningekuambia."

Halafu mzee akageukia kuku. Sikutegemea. "Wewe kuku," akasema, na sauti haikuwa ya mzaha siku hiyo, "mwambie omukhana, huyo binti aliye nyuma yangu. Alisema mlango unauma. Alisema vizuri na alisema mapema. Mwingine asiposikia kile yeye amesikia na mwili wake, aseme tena. Akiambiwa hapana, aseme tena. Na sisi tutajifunza kuuliza alikuwa amesimama wapi."

Mama mkwe akaja pale nilipokuwa. Akatazama miguu yangu, haina viatu, tope mpaka kwenye kifundo. Akatazama yake. Akasema polepole, "Mimi nilikuja na viatu. Na jua lilikuwa linawaka."

Barasa alileta waya mrefu wenye ganda jeusi. Akauzungusha nyuma ya nyumba, kwenye nguzo yake, mbali na kila ukingo wa bati, akauingiza kwa bomba la plastiki ukutani. Wa kijani akaufunga kwenye chuma kilichochimbiwa ardhini. Mama mkwe alizunguka akautazama, mwiko mkononi. "Huko nyuma sawa," akasema. "Huko hata kikiwa cheusi kama masizi ya chungu." Waya huo ulikaa mpaka tulipobomoa simba.

Hapa ndipo mimi hubaki nimechanganyikiwa, mwanangu, na sitaki kukudanganya kwamba niko mahali pengine. Nimeligeuza jambo hili miaka yote. Barasa alikuwa sahihi kuhusu rangi. Lakini hata jeusi, likisuguliwa na ukingo wa bati kila siku, lingekatika. Mama mkwe alikuwa sahihi kuhusu mlango, ingawa sababu yake haikuwa ya stima. Na jeupe lingepita nyuma, chini ya paa, kivulini, huenda lingekaa. Nikitaka kumpa mmoja kosa lote, linanikatalia mkononi. Nikiwagawia wote, naona kama nimemwonea mama mkwe. Nikimwondoa mama mkwe, nimemwonea Barasa. Mzee peke yake alijitia mwenyewe ndani ya lawama, na labda ndiyo maana walimsikiliza.

Kuhusu hizo picha zako, nitakuambia ninachojua, na mahali ninaposhuku nitasema nashuku.

Waya unaopita nje juani, chukua wenye ganda jeusi, ule uliotengenezwa kukaa nje, na mahali unapoweza upitishe ndani ya bomba. Fundi wako yuko sawa hapo. Kijivu na nyeupe ziache za ndani ya nyumba, kwenye ukuta na juu ya dari, na kati ya hizo mbili mimi sijawahi kuona tofauti isipokuwa macho ya mtu. Kwa hiyo mwenye duka naye si mwongo, ni vile hakukuuliza utaipitisha wapi. Lakini ganda la nje halikuambii waya unabeba kiasi gani. Unene wa shaba ndio wa kuuliza, na huo umeandikwa juu yake. Mwachie fundi asome.

Za ndani ndizo zinanisumbua. Nyumba ya baba yako iliwekwa zamani: nyekundu ndiyo ya moto, nyeusi ndiyo ya kurudisha, kijani ya ardhini. Za siku hizi ni kahawia ya moto, buluu ya kurudisha, na ya ardhini ni kijani yenye mstari wa manjano. Sasa wewe unataka kuunganisha ya zamani na ya sasa. Nimeambiwa kwamba kwenye zile nyaya za mashine kubwa kama kinu cha kusaga, nyeusi ya siku hizi yaweza kuwa ya moto. Niliposikia hivyo nilikaa chini. Mtu aliyezoea nyeusi ya baba yako akiishika hiyo, amekwisha. Kwa hiyo usinunue nyekundu na nyeusi kwa sababu tu zimebaki dukani. Nunua za sasa, na pale zinapokutana na za zamani fundi aweke alama na aandike kwenye boksi. Na awe fundi mwenye cheti, apime kwa kifaa chake kabla hajashika, hata kama rangi inamwambia yuko salama. Rangi iliwekwa na mtu, na mtu anaweza kuwa alichoka kubishana siku hiyo kama Barasa.

Ule wa ardhini uuone kwa macho yako ukifungwa. Usikubali kuambiwa tu.

Lakini hayo yote ungeyapata kwa fundi. Ninalotaka ulishike kutoka kwangu ni hili. Mtu wa nyumba yako akisema kitu kinamuuma, usiende kukishika ukiwa umevaa gambuti halafu umwambie hakuna. Muulize anasimama wapi. Muulize ni siku gani. Mtu akikataa rangi, au njia, au mlango, usimpe nusu ya alichoomba ili anyamaze. Muulize kwa nini, kisha ungoje jibu hata likichelewa. Na zima stima kwanza. Kuulizana kunaweza kufanyika gizani.

Mungu aliyemsimamisha baba yako kabla mkono wake haujafika chumani, akusimamie na wewe, Makokha. Nyumba yako iwake taa bila kumdhuru mtu. Nafula ajifungue salama, na mtoto wenu ajifunze kusimama akishika kila kitu cha nyumba hiyo, na kila kitu kimshike vizuri. Amina.

Nilikuwa nimeweka kalamu chini, simu ikalia. Alikuwa Nafula.

"Kukhu, amezima. Mtu wako wa pikipiki alifika akiwa tope mpaka masikioni, akapiga kelele 'Zima!' kutoka kwa geti, tukafikiri ni mwizi."

"Vifaranga je?"

"Tumevileta jikoni kwa boksi, karibu na moto. Vinatukana." Akacheka. Kisha akasema, "Ngoja, anataka kuongea."

Ulichukua simu.

"Kukhu, nimemwomba anionyeshe anasimamanga wapi. Anasimama pale maji yanamwagikia, hana viatu. Mimi sijawahi kusimama hapo." Ukaendelea. "Fundi anakuja kesho. Nimemwambia ataanza na kumsikiliza Nafula."

Nimekujibu "Asante, mwanangu," nikashindwa kuendelea, ukafikiri mtandao umekatika tena.

Mvua imeacha. Kuka wako ameamka, anauliza nalia nini, nikamwambia ni moshi. Jioni tumekula yale mahindi yaliyolowa, nimeyachemsha na maharagwe, na mrenda kidogo uliobaki wa jana.